Maziwa yalikuwepo, mwili ndo ulikuwa umefunga mlango

Kikombe kilikuwa kile cha plastiki cha kunywea dawa, chenye mistari ya mililita pembeni, na mi nilikuwa nakodolea macho mstari wa kwanza kabisa wa chini, ule wa mililita 5, ambao maziwa yangu hayakuufikia. Ilikuwa saa tisa usiku, siku ya tatu tangu nijifungue kwa operesheni. Tumekaa wamama sita kwenye benchi nje ya wodi ya njiti, kila mtu na kikombe chake na khanga mabegani, tunakamua kwa mkono. Mwanangu yuko ndani ana mpira puani, kazaliwa wiki ya 31, gramu 1,450, na kwenye faili lake wameandika apate mililita 12 kila baada ya masaa matatu. Mi nilikuwa na 2. Jirani yangu hapo benchini alikuwa ameshajaza kikombe na anatafuta cha pili.

Akatoka nesi mmoja, akapita anaangalia vikombe, alipofika kwangu akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Wewe mama hujitumi, wenzio wanajaza, mtoto atakula nini?" Sitaji hospitali wala mtu, na najua alikuwa amechoka, wodi imejaa na wao wako wawili tu zamu nzima. Ila nataka msomaji ajue kilichotokea kwenye mwili wangu sekunde ile maana ndo sababu ya kuandika haya yote: moyo ulianza kwenda mbio, viganja vikapoa, masikio yakawa kama yamejaa maji, na hata yale matone yaliyokuwa yanachuruzika taratibu yakakata. Nilikamua nusu saa nyingine, sikupata hata tone.

Asubuhi yake mama mkwe kaja na mtori na uji wa ulezi, kaniambia kunywa mwanangu maziwa yatashuka, nikanywa, nikanywa tena, tumbo likajaa na kikombe kikabaki vilevile. Shangazi kwenye simu akasema labda kuna mtu kaniangalia vibaya. Mume wangu hakusema kitu, akawa anazunguka tu korido na risiti za dawa mkononi. Na mimi nilishajihukumu, nilishaamini kwamba mwili wangu ni mbovu, ulishindwa kubeba mimba mpaka mwisho na sasa umeshindwa kutoa maziwa.

Aliyenitoa huko ni sista mmoja mtu mzima wa zamu ya usiku. Hakunipa dawa. Alinihamisha kutoka benchini akaniweka kwenye kiti cha ndani, kando ya kitanda cha mwanangu, akaniwekea kitambaa cha maji ya moto kifuani, alafu akachukua kikofia cha mtoto kilichokuwa kimevuliwa akaniwekea mkononi, akasema ninuse. Kisha akachukua pindo la khanga yangu akafunika kikombe. "Usikiangalie," akaniambia, "we muangalie mwanao, kikombe niachie mimi." Akakaa pembeni yangu akawa anapiga stori za shamba lake la mihogo Mkuranga. Baada ya dakika kama kumi hivi nikasikia tumbo linavuta, lile chango la uzazi kabisa, nikakunja uso, na yeye akacheka akasema haya sasa, imefunguka. Alipofunua khanga kulikuwa na mililita 9.

Tisa. Kutoka mbili. Mtori uleule, matiti yaleyale, mwili uleule.

Nilitoka hospitali na swali hilo kichwani na sijaliacha mpaka leo. Mi si daktari, nafanya kazi ya hesabu ofisini, ila kwa miaka hii minne nimesoma sana kuhusu hili jambo na nimewasumbua madaktari ninaowafahamu mpaka nadhani wakiona namba yangu wanajua ni homoni tena. Nitaeleza kwa lugha yetu kadri nilivyoelewa.

Maziwa yana kazi mbili tofauti ambazo sisi tunazichanganya kuwa moja. Kuna kutengenezwa, na kuna kutoka. Kutengenezwa kunaongozwa na homoni inaitwa prolaktini, na ile kazi kubwa inaanza pale kondo la nyuma linapotoka, maana kondo ndo lilikuwa linamwaga progesteroni, na progesteroni ndo ilikuwa imeshika breki. Ikishuka, siku ya pili mpaka ya nne hivi maziwa yanajaa, kabla ya hapo unapata ile dang'a ya njano kidogo kidogo. Kutoka ni habari nyingine. Maziwa yamekaa kwenye vifuko vidogo vidogo ndani ya titi, na kila kifuko kimezungukwa na misuli myembamba kama wavu, na huo wavu haukazi mpaka upate oksitosini. Oksitosini inatengenezwa kwenye ubongo, sehemu inaitwa haipothalamasi, inahifadhiwa kwenye tezi ndogo chini yake, pituitari, na inamwagwa kwenye damu kwa mapigo mapigo, mtoto akinyonya, au mama akisikia mtoto analia, au hata akimfikiria tu. Homoni hiyohiyo ndo inayokaza mji wa mimba, ndo maana nilipovutwa tumbo yule sista alijua kabla ya kufunua khanga.

Sasa hofu inaingia wapi. Ukishtuka, tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini ndani ya sekunde, na mwili unahamisha damu kwenda kwenye misuli mikubwa na moyo, mishipa ya sehemu ambazo si za dharura inabanwa. Titi si la dharura. Kwahiyo hata ile oksitosini kidogo iliyopo haifiki vizuri, na ikifika inakuta wavu umeambiwa ulegee. Na juu ya hayo ubongo wenyewe unapunguza kuimwaga. Yani mlango umefungwa kutoka pande tatu kwa wakati mmoja, alafu mtu anasimama mbele yako anakuuliza kwanini hujitumi.

Hili si la kubahatisha, limejaribiwa zamani sana. Mwaka 1948 huko Marekani, watafiti Michael Newton na Niles Newton walimchukua mama mmoja mwenye mtoto wa miezi saba wakawa wanapima mtoto kapata maziwa kiasi gani. Siku za utulivu mtoto alipata wastani wa gramu 168. Siku za kusumbuliwa, mama anawekewa miguu kwenye maji ya barafu, anavutwa vidole vya mguu mpaka vinauma, anaulizwa hesabu harakaharaka, mtoto akapata 99. Alafu wakarudia usumbufu uleule ila safari hii wakamchoma mama sindano ya oksitosini, mtoto akapata 153. Hiyo namba ya mwisho niliposoma mara ya kwanza nililia, kwa kweli, maana inasema kila kitu: maziwa yalikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni homoni moja, na iliyoizuia ni homoni nyingine.

Na mwaka 1994 Wajapani wakapima damu yenyewe. Wamama wananyonyesha huku wengine wanapigishwa hesabu za kichwa, wengine wanasikilizishwa kelele. Mapigo ya oksitosini yakapungua. Prolaktini haikutikisika. Kelele tu jamani, na mi naishi karibu na stendi.

Ila kuna kitu kingine kinachofuata ambacho ndo kinatisha zaidi, na ningependa wamama wengi wakijue. Maziwa yasipotoka yakakaa kwenye titi muda mrefu, titi lenyewe linapunguza kutengeneza. Kwahiyo hofu ya usiku mmoja inafunga mlango tu, lakini hofu ya wiki nzima inapunguza mpaka maziwa yenyewe, na hapo watu watasema si tulikwambia huna maziwa, na watakuwa wanasema kweli sasa, ila wamelifikisha wao hapo.

Nilipoanza kufuatilia nikadhani ni habari ya maziwa tu. Kumbe homoni za stresi zinaingilia karibu kila homoni nyingine mwilini, na familia yangu ile wiki mbili ilikuwa kama darasa.

Chukua mama mkwe. Ana sukari, anaimudu, kila asubuhi anapima na anaandika kwenye daftari, siku zote iko kwenye 7, ikizidi sana 8. Wiki ile tuliyokuwa hospitali akapima akakuta 14. Kesho yake 15. Akalia, akasema yani hata sijala mwanangu, nakula mkate kipande na chai kavu. Na ni kweli hakula. Sukari ile haikutoka kwenye sahani, ilitoka kwenye ini lake. Mtu akiwa na hofu, haipothalamasi inatuma ujumbe pituitari, pituitari inatuma homoni inaitwa ACTH kwenye damu, inafika kwenye tezi za juu ya figo, na hizo zinatoa kotisoli, hii inachelewa kidogo kuliko adrenalini, inafika kileleni baada ya dakika ishirini mpaka nusu saa hivi, na ikishafika inakaa. Kotisoli inaliambia ini litengeneze sukari na kuimwaga, adrenalini inaiambia kongosho ipunguze insulini na iongeze glukagoni, homoni ya kupandisha sukari, na misuli inaambiwa isiisikilize insulini sana. Kwa mtu anayekimbia simba hiyo ni akili kubwa, ubongo unapata chakula. Kwa bibi aliyekaa kwenye benchi la plastiki anasubiri habari za mjukuu, sukari inapanda na haina pa kwenda. Daktari wa kliniki yake alimuelewa, hakumgombeza, akamrekebishia dozi kwa muda, na mtoto alipotoka kwenye oksijeni ile sukari ikarudi yenyewe ndani ya siku chache. Sasa mtu asinielewe vibaya akaacha dawa kusubiri furaha. Nasema tu kwamba daftari la sukari likipanda, kabla ya kumwambia mgonjwa "umekula nini", muulize kwanza kuna nini nyumbani.

Au mimi mwenyewe na kidonda. Siku ya pili baada ya operesheni mashine ya mtoto ililia, ile tii tii tii, na mi nilikuwa ghorofa ya juu, nilishuka ngazi mbiombio na sikusikia maumivu kabisa. Usiku ndo nikajua nina mshono. Baadaye nikaja kusoma kwamba ile ACTH na endofini, ambayo ni dawa ya maumivu ya mwili wenyewe, zinakatwa kutoka kwenye protini mama moja. Ubongo ukiagiza moja, na nyingine inakuja.

Huyo kotisoli lakini naomba tusimfanye shetani, maana mtandaoni siku hizi kila kitambi na kila chunusi inaitwa kotisoli, watu wanauziwa majani ya kuishusha bila hata kupimwa. Bila kotisoli mtu anakufa, moja kwa moja. Asubuhi ndo inayokuamsha, iko juu mida ya kuamka na inashuka mpaka usiku wa manane ndo iko chini kabisa. Hata maziwa yanaihitaji, vile vifuko havitengenezi maziwa mpaka prolaktini, insulini na kotisoli zikutane. Na mwanangu mimi yuko hai kwa sababu ya ndugu yake kotisoli. Nilipolazwa presha imefika 160 kwa 110 na madaktari wakaona mtoto itabidi atolewe kabla ya wakati, nilichomwa sindano nne, moja kila baada ya masaa 12, manesi wanaziita sindano za mapafu. Ni deksamethasoni, dawa ya jamii moja na kotisoli. Aliyegundua kwamba inakomaza mapafu ni Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, alikuwa anachunguza kondoo wanavyoanza uchungu, akaona wanakondoo waliozaliwa mapema mno baada ya kupewa dawa hiyo wanapumua, wakati kwa umri wao mapafu yalitakiwa yawe yamelala. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakatoa matokeo ya wamama 282. Homoni ya stresi inamwambia mtoto aliye tumboni harakisha, huko nje kuna shida, komaza mapafu utoke. Mi nikilifikiria hili huwa nanyamaza kimya kabisa.

Kwahiyo shida ni muda. Homoni iliyowekwa kwa ajili ya dakika kumi za hatari ikikaa miezi, inaanza kuzima vitu ambavyo mwili unaona vinaweza kusubiri, na cha kwanza kuwekwa pembeni mara nyingi ni uzazi.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikosa siku zake miezi minne mwaka wa mwisho wa chuo. Kapima mimba mara tatu, hakuna. Nyumbani kelele, mama yake anamuangalia tumbo kila akipita sebuleni. Alikuwa halali, anakula mara moja kwa siku, ada imekwama, na kila asubuhi anakimbia kupunguza mwili. Kilichotokea ni kwamba ile haipothalamasi iliyo busy kuamrisha kotisoli ndo hiyohiyo ambayo kila baada ya saa moja au saa na nusu hivi inatakiwa ipige pigo la homoni ya kuamsha ovari, pigo hilo linaiambia pituitari itoe homoni mbili za kukuza yai na kulitoa. Stresi na njaa na mazoezi makali yakikutana mapigo yanapungua, yai halikui, estrojeni inashuka, damu haiji. Ovari nzima, kizazi kizima, yai lipo, amri ndo haijaja. Umeona inavyofanana na maziwa?

Kule Pittsburgh Marekani, daktari Sarah Berga na wenzake mwaka 2003 walitoa utafiti mdogo ila naupenda sana: wanawake 16 waliokosa siku zao kwa namna hii, 8 wakapewa wiki 20 za ushauri nasaha, kukaa na mtu wa kuzungumza naye kuhusu chakula, mazoezi na mawazo yao, bila vidonge vya homoni. Wengine 8 wakaangaliwa tu. Kwa waliozungumza, 7 kati ya 8 ovari zilionyesha kuamka. Kwa walioangaliwa tu, 2. Watu 16 ni wachache, najua, lakini mi nilimtumia yule mdogo wangu hizo namba na akampelekea mama yake, na ile kuangaliwa tumbo ikaisha. Ada ilipatikana mwezi wa tano, akaanza kula, mwezi wa saba akanitumia meseji ya neno moja tu, "zimekuja".

Tezi ya shingo nayo haiachwi, kotisoli ikikaa juu inashusha ujumbe wa kuiamsha na inapunguza ile homoni yake kugeuzwa kuwa ya aina yenye nguvu, ndo sababu mtu mwenye stresi ndefu au aliyeugua sana anaweza kupimwa akaonekana kama tezi imelala kumbe imepunguzwa sauti tu. Kwa wanaume testosteroni inashuka kwa njia ileile ya mapigo. Hayo nayapita.

Nisiyoweza kuyapita ni ya watoto.

Baada ya vita kuu ya pili, mtafiti wa Uingereza Elsie Widdowson alikwenda Ujerumani kuangalia kama kuongeza chakula kutawafanya watoto yatima waliokuwa wanakula kwa mgao wakue haraka. Kulikuwa na vituo viwili. Miezi sita ya kwanza wote mgao uleule, miezi sita ya pili kituo kimoja kikaongezewa mikate, jemu na juisi ya machungwa. Waliokuwa na mgao mtupu wakakua zaidi. Akachanganyikiwa, mpaka alipogundua kwamba ule mwezi chakula kilipoongezwa, msimamizi mmoja mkali alihamishiwa kituo hichohicho, na tabia yake ilikuwa kusubiri watoto wakae mezani ndo aanze kuwagombeza mmoja mmoja mbele ya wenzao. Mkate mezani, jemu mezani, na mtoto anatetemeka. Alikuwa na vipenzi wake wanane aliohama nao, hao hakuwagombeza, na hao wakanawiri. Widdowson aliandika haya mwaka 1951. Alafu mwaka 1967 madaktari wa Baltimore wakaeleza watoto 13 wafupi kuliko umri wao, waliotoka kwenye nyumba zenye maisha magumu ya kihisia, wengi wa waliopimwa homoni ya ukuaji ilikuwa chini, na walipotolewa kwenye nyumba zile, bila sindano ya homoni, wakaanza kurefuka.

Nilisoma habari ya ile meza ya yatima nikiwa jikoni usiku, na niliwaza benchi letu. Sisemi mtoto njiti ni sawa na wale watoto, ukuaji wake una mambo mengine. Ila kutumia chakula kama muda wa kumdhalilisha mtu, hilo ni lilelile.

Na nje ya wodi yetu kuna ushahidi wa upande wa pili. Njia ya kangaruu, mtoto anavuliwa anabaki na nepi na kofia, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, anafungwa na khanga. Ilianza Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, watoto 3,211 wenye kilo 1 mpaka chini kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri wawe imara kwanza, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, na waliosubirishwa 15.7. Hizo namba zina sababu nyingi ndani yake, joto, maambukizi, maziwa ya mapema. Ila mojawapo ya vitu vinavyotokea pale kifuani ni kwamba oksitosini ya mama inapanda na kotisoli inashuka, kwake na kwa mtoto. Mi nilipofungwa naye siku ya nane, kichwa chake hapa chini ya kidevu, mgongo wake ukiwa mdogo kuliko kiganja changu, maziwa yalishuka yenyewe yakalowesha khanga yote na yeye. Hakuna aliyeshika kikombe. Wiki ile alianza kuongeza gramu 20, 25, siku moja 30.

Kitu kingine kinachonipa faraja, mwaka 1995 kuna watafiti waliwaweka wamama wanaonyonyesha na wanawake wasionyonyesha kwenye mashine ya kukimbilia, wakawakimbiza kwelikweli, na ACTH na kotisoli za wanaonyonyesha zikapanda kidogo sana kuliko za wenzao. Yani njia ni ya pande mbili, hofu inazima maziwa, lakini kunyonyesha kukishika nako kunapunguza ukali wa hofu. Kazi yote ni kumvusha mama zile siku za kwanza.

Niseme na hili, maana nitakuwa nimekosea nikiacha. Si kila maziwa kukosekana ni stresi. Kipande cha kondo kikibaki ndani kinaendelea kutoa progesteroni na breki haitoki. Mama aliyetokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, pituitari yenyewe inaweza kuumia ikakosa hata hiyo prolaktini, na huyo anahitaji daktari haraka si maneno matamu. Tezi ya shingo ikilala kweli nayo inasumbua. Kwahiyo kwanza mama apimwe, aangaliwe anakamuaje, kidole gumba juu na vidole chini, kubonyeza kurudi nyuma kifuani kabla ya kuleta mbele, wengi tunavuta chuchu tu na chuchu haina maziwa. Alafu uje kwenye hofu. Lakini uje, usiiruke.

Maana kwetu tunaijua adrenalini kwa majina mengine na tunaitumia vibaya. Mama akikosa maziwa tunasema kamuendea kinyume mumewe, tunasema wamebemenda mtoto, tunasema ana kijicho, tunasema hampendi mtoto. Kila sentensi ya hizo ni kama kumuweka miguu kwenye yale maji ya barafu. Na hospitali zetu zinazuia baba kuingia, zinazuia bibi, mama anakaa na mawazo yake peke yake masaa 24 na mashine inalia pembeni. Naelewa habari ya maambukizi. Ila kiti kimoja chenye mgongo, pazia, na mtu wa kukaa naye dakika kumi, hivyo vinawezekana hata kwenye wodi iliyojaa, yule sista aliviweza usiku peke yake na njiti zaidi ya ishirini.

Tulitoka mtoto akiwa na kilo 2. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa supamaketi, foleni, mashine ya keshia ikawa inalia tii kila bidhaa ikipita, na kabla sijaelewa ni nini nilikuwa nimeshapoa viganja, moyo unapiga, nikaacha kikapu nikatoka nje. Jioni ile mtoto alininyonya akawa anatupa titi analia, hapati kitu, mpaka nilipolala ubavu gizani naye tukatulia ndo maziwa yakafunguka. Mwili ulikuwa umekariri ile sauti.

Na wiki hiyohiyo, kwenye daladala ya Mbagala, nimemuacha wangu nyumbani na bibi yake, kuna mtoto wa watu akalia siti ya nyuma, kilio kile chembamba cha kichanga, na mi nimesimama nimeshika bomba, nikasikia kifua kinachoma na blauzi inalowa mbele mpaka chini. Dada aliyekuwa amekaa akaona, hakusema kitu, akafungua begi akatoa khanga akanipa. Nikajifunika. Aliposhuka Mtoni nilitaka kumrudishia akakataa kwa mkono, akashuka.